Upepo wa Ngazi ya Pili

Ukumbi wa michezo ulikuwa umefurika watu pomoni. Magodoro yalitandikwa pale vijana walipozoea kucheza mpira wa kikapu, watoto walilia, kipaza sauti kiliita majina ya waliokuwa wakitafutwa na ndugu zao, na kwenye pembe moja watu waliizunguka meza ya kuchajia simu kama nyuki na mzinga. Mpimaji aliona tundu moja la umeme limebaki wazi. Akanyoosha chaja yake. Mkono mwingine, mpana, wenye vumbi la mbao mpaka kwenye kiwiko, ukafika pale pale wakati ule ule.

"Una asilimia ngapi, dada?" akauliza mwenye mkono.

"Arobaini."

"Mimi nina mbili, na moja nimeazima."

Mpimaji akacheka bila kutaka. Tangu alipoingia katika mji ule hakuwa amecheka, na kicheko chenyewe kilimtoka kama kikohozi. Alimwachia tundu. Mwanamume yule alivaa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini, na nyuma ya sikio alichomeka penseli fupi ya useremala. Naye alimtazama Mpimaji kuanzia buti zenye tope, koti la mvua la manjano, mpaka kitambaa cha zambarau alichokuwa amejifunga kichwani bila kuangalia kioo.

"Wewe ni zimamoto?"

"Hapana. Napima upepo."

"Upepo umeshaondoka, dada. Umechelewa."

"Siku zote nachelewa," alisema Mpimaji. "Ndiyo kazi yenyewe."

Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Tonado, ule upepo mwembamba unaoshuka kutoka mawinguni ukizunguka kama pia, hauna mtu wa kuungoja na chombo mkononi. Ukikipitia chombo, unakivunja. Basi wanasayansi hufika ukishapita, wakatazama ulichokivunja, na kutokana na majeraha wakakisia nguvu ya mkono uliopiga. Mpimaji alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Aliijua miji mingi, na yote aliijua katika siku zake mbaya kuliko zote. Watu walimpokea wakiwa na macho makavu, wakamwonyesha walichopoteza, naye akaandika, akapiga picha, akaondoka. Hakuna aliyetaka kumkumbuka. Nani atamkumbuka mgeni aliyekuja siku ya msiba na futi kamba mkononi?

Mwanamume yule alikuwa fundi wa nyumba, na mji mzima ulimwita Fundi, kana kwamba hakuna mwingine. Kesho yake alimkuta Mpimaji akihangaika kupita juu ya nguzo zilizolala barabarani.

"Unataka kujua nyumba zilikuwaje kabla hazijawa hivi?" akamwambia. "Panda. Nyingi nimezipiga nyundo mwenyewe."

Wakaanza kuzunguka pamoja katika gari lake la mizigo lenye mlango mmoja uliofungwa kwa kamba. Mpimaji alimfundisha kuhesabu. Ngazi ni sita, kuanzia sifuri mpaka tano. Upepo uking'oa vigae vichache na matawi, hiyo ni sifuri. Paa likiharibika vibaya, moja. Paa likiondoka lote, kuta zikabaki, mbili. Kuta za nje zikianza kulala, tatu. Nyumba imara ikiwa rundo la kifusi, nne.

"Na tano?"

"Tano, nyumba imara inafagiliwa, inabaki sakafu. Nimeiona mara moja tu. Sitaki kuiona tena."

"Na wewe je? Nikikutazama hivi, nikupe ngazi gani?"

"Jaribu uone."

"Paa lipo," alisema Fundi, akikitazama kile kitambaa cha zambarau. "Limefungwa upande, lakini lipo. Madirisha mazuri. Ila ndani hakuna mtu anayewasha taa."

Mpimaji aligeuza uso akatazama nje.

Jioni, yeye akiwa katika chumba cha nyumba ya wageni na Fundi nyumbani kwake, simu ilikuwa haikosi kulia.

"Bi Upepo wangu, umekula?"

"Nimekula mkate."

"Mkate na nini?"

"Na mkate."

"Mwanamke huyu ataniua! Toka nje, niko hapa mlangoni na sufuria."

Alikuwa hapo kweli. Walikula wamekaa kwenye ngazi za mlangoni, bega kwa bega, na Mpimaji akaona chakula kina ladha ambayo alikuwa ameisahau. Hata mama yake aliposimu kuuliza, kama alivyouliza kila wiki, "Mwanangu, huo upepo ndio utakaonizalia mjukuu?" safari hii hakukasirika. Alijibu tu, "Subiri, Mama." Huko upande wa pili mama akapiga kigelegele peke yake jikoni.

Lakini kulikuwa na mtaa mmoja ambao Fundi hakutaka kuupita. Leo alisema kuna tope, kesho akasema kuna nyaya za umeme. Mwishowe ilibaki nyumba moja tu ambayo haijapimwa, na Mpimaji akaenda kwa miguu.

Hakukuta nyumba. Alikuta sakafu ya zege, tupu, safi kama sinia. Kwa jicho la haraka hiyo ilikuwa tano. Kisha akainama, kama kazi ilivyomfundisha. Hatua chache kutoka kwenye sakafu, mti mdogo wa maua ulikuwa umesimama na majani yake. Nyumba ya jirani ilikuwa imepoteza paa, lakini kuta zake zilikuwepo, na pazia bado lilining'inia dirishani. Akapapasa ukingo wa zege. Palipotakiwa kuwa na boliti za kushika kuta, zege lilikuwa laini, halina hata tundu. Kuta zilikuwa zimesimamishwa kwa misumari michache tu. Hakukuwa na haja ya upepo mkubwa kuibeba nyumba ile.

Aliposimama alimwona Fundi barabarani, kofia mkononi.

"Nyumba ya kaka yangu," Fundi alisema. "Mke wake alikuwa ndani. Tulimzika kabla hujafika."

"Pole. Pole sana. Kwa nini hukuniambia?"

"Ni ngapi?"

"Nani aliijenga?"

Fundi alitazama sakafu ile.

"Mimi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa najifunza, na kaka akaniamini kuliko mafundi wote wa mji huu. Ni ngapi, Bi Upepo?"

"Mbili."

Alimwona akiyumba, kama mtu aliyesukumwa kifuani.

"Andika nne," Fundi alisema taratibu. "Nakuomba. Ikiwa nne, hakuna nyumba ambayo ingesimama. Ikiwa mbili, mimi ndiye niliyemuua. Tangu siku ile kaka hasemi na mtu. Akijua, hatasema nami maisha yake yote. Ni tarakimu moja tu. Inamuumiza nani?"

"Inamuumiza atakayejenga kesho. Akisikia ilikuwa nne, atasema boliti za nini, upepo ule hauzuiliki. Atajenga vile vile. Siwezi, mpenzi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Neno lilitoka mahali pabaya na siku mbaya.

"Usiniite mpenzi," Fundi alisema. Akavaa kofia yake akaondoka, na lile gari lenye kamba mlangoni likapotea kwenye kona.

Matokeo yalitangazwa redioni: ngazi ya pili, na wakazi wakashauriwa kuzifunga kuta kwenye msingi kwa boliti. Mpimaji alikuwa ameshafika mjini kwake, ghorofa ya nne, katika chumba ambacho jirani pekee aliyemjua ni kikohozi cha upande wa pili wa ukuta. Akapiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena kesho na keshokutwa. Akaandika ujumbe, akafuta, akaandika mfupi zaidi: "Umekula?" Haukujibiwa.

Upweke alikuwa ameuzoea kabla ya hapo, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Sasa alikuwa amekivua siku chache, akatembea peku kwenye nyasi, na kukivaa tena kulimtoa machozi. Alikwenda kazini. Alirudi. Alinunua mkate. Mama aliposimu, sauti yake ilikuwa na tahadhari ya mtu anayegusa sufuria asiyejua kama ina moto.

"Bado nisubiri, mwanangu?"

"Usisubiri, Mama."

"Haya," mama alisema, na hakuuliza tena, jambo ambalo liliuma kuliko maswali yote.

Alitumwa kwenye miji mingine. Akaendelea kuchelewa, akaendelea kuinama kwenye misingi. Mahali pengine alikuta familia nzima imesimama salama ndani ya kuta zisizo na paa, wanacheka na kulia kwa pamoja, naye akatamani kumpigia mtu mmoja kumweleza. Aliishika simu, akairudisha mfukoni.

Mvua zilikuja zikaisha. Mchana mmoja, yuko ofisini, simu ikalia, na jina lililoonekana likamfanya ainuke kitini.

"Kaka anataka kumwona aliyepima," alisema Fundi. Hakukuwa na salamu. Sauti ilikuwa imechoka. "Jana alizungumza, mara ya kwanza. Amesema hilo tu. Mimi sijamwambia kitu. Nimejaribu, nikashindwa. Utakuja?"

"Nitakuja."

Chumba cha kaka kilikuwa nyuma ya kinyozi: godoro, meza, benchi na dirisha moja. Alikuwa mtu mrefu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri kupita kiasi, pasi ya mtu asiye na kingine cha kufanya. Alimimina chai, akakaa. Fundi alisimama mlangoni, amekonda.

"Nyumba yangu ingefungwa kwa boliti, kama redio ilivyoshauri," kaka aliuliza, "ingesimama?"

Mpimaji hakumtazama Fundi. Angemtazama, angeshindwa.

"Paa lingeondoka. Kuta zingesimama. Naamini hivyo."

"Alisikia maumivu?"

"Sijui, kaka. Siwezi kukudanganya. Hilo silijui."

Mtu yule aliinamisha kichwa. "Wote wanaokuja kunifariji wanajua," alisema. "Wanajua hakuumia, wanajua ilikuwa imeandikwa, wanajua yuko wapi. Wewe ni wa kwanza kuniambia hujui." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Nawe ulijua kuhusu boliti."

"Tangu siku ile ile."

"Nimekaa hapa nikidhani hutaki kukaa na mimi kwa kuwa nina mkosi. Kumbe ulikuwa unaniogopa."

"Nakuogopa hata sasa, kaka."

Kaka aliinuka, akampita, akatoka uani. Fundi akamfuata.

Mpimaji alibaki peke yake. Kupitia dirishani aliwaona wamesimama mbali mbali, kila mmoja akitazama upande wake. Alimwona mkubwa akisema jambo kwa hasira, akinyoosha kidole kifuani mwa mdogo wake. Alimwona mdogo hajitetei. Mwishowe kidole kile kikafunguka kikawa kiganja, kikamshika shingo, kikamvuta, na mabega ya wote wawili yakaanza kutikisika. Mpimaji akageuza macho. Lilikuwa jambo la watu wa damu moja. Akachukua begi lake, akatoka kwa mlango wa mbele kimya kimya, kama alivyokuwa ametoka katika miji yote ile.

Alikuwa ameshika komeo la geti aliposikia sauti.

"Unakwenda wapi?"

Alikuwa kaka. Shati lake lilikuwa limelowa begani.

"Naondoka. Haya ni mambo yenu."

"Yetu na nani?" Hakutabasamu. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Mdogo wangu ameniambia kukuhusu. Rudi ndani, shemeji. Chai inapoa."

Fundi alikuwa nyuma yake, macho mekundu, mdomo wazi. Neno lile yeye mwenyewe alikuwa hajathubutu hata kuliota. Alimtazama kaka yake, akamtazama Mpimaji, akavua kofia.

"Umemsikia mkubwa," alisema. "Mimi... ningekuomba vizuri zaidi. Ningetafuta siku nzuri, nguo nzuri."

"Omba hivyo hivyo," alisema Mpimaji.

Wakarudi ndani. Vikombe vilikuwa viwili tu. Kimoja kaka alikichukua, akaenda nacho dirishani, akawapa mgongo. Kingine Fundi alikunywa nusu, akamsogezea Mpimaji.