Kiwanja cha Mama Alphonsine

Asubuhi ya Kalemie huanza na harufu ya samaki. Mitumbwi inarudi kutoka ziwani ikiwa imejaa ndakala, wale samaki wadogo wanaopendwa mpaka mji wa Manono. Wanawake wanawapokea kwa mabeseni na kuwaanika juani.

Karibu na mahali ambapo mto Lukuga unaliacha ziwa, kila mwanamke wa chama cha waanika samaki ana kiwanja chake cha mchanga. Amekizungushia mawe. Hakuna anayekikanyaga kwa viatu, maana hapo ndipo chakula cha watu kinapokauka. Kiwanja kikikaa tupu muda mrefu, chama kinampa mwanamke mwingine. Ndivyo walivyokubaliana.

Kiwanja cha kwanza kutoka majini kilikuwa cha Mama Alphonsine. Alikitumia tangu watoto wake wakiwa wadogo. Sasa ni bibi, kichwa kimejaa mvi na magoti yanauma akiinama. Lakini ulimi wake hauna mvi hata moja. Kila asubuhi alikuwa akiwatania wenzake mpaka wanaacha kazi na kushika mbavu.

Mtoto wake Floribert anampenda sana. Ila upendo wake una kasoro moja: anamjibia mama yake kila kitu. Mgeni akiuliza kama mama ameamka salama, anayejibu ni Floribert. Akiulizwa kama mama anataka wali au bukari, yaani ugali, anayejibu ni Floribert. Na mama ameketi pale pale, anasikia vizuri kabisa.

Siku moja Floribert alimwona mama yake akishika kiuno baada ya kuanika samaki. Moyo ulimuuma. Alimwambia mke wake, Précieuse, kwamba sasa mama apumzike, na Précieuse akaona ni wazo zuri. Kesho yake Floribert alikwenda kwa Mama Djamila, kiongozi wa chama, akamwambia kwamba mama hatakuja tena. Djamila naye hakuuliza zaidi. Alisema kiwanja kitapewa mwingine kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi.

Mama Alphonsine alikuwa wa mwisho kuambiwa.

"Mama, umefanya kazi ya kutosha," Floribert alisema. "Sasa njo wakati ya kukaa na kupumuzika."

Basi, akakaa. Alikaa barazani asubuhi, akakaa barazani jioni. Précieuse alimnyang'anya hata ufagio, kwa heshima zote. Beseni lake lilitundikwa ukutani. Siku zilivyopita, mama alianza kuacha chakula. Hakumtania mtu. Akisimama, miguu inatetemeka.

Floribert alimpeleka kwa waganga wa hospitali. Alieleza ugonjwa yeye, mama akiwa kimya kando yake. Walirudi nyumbani na jibu moja tu, kwamba ni uzee. Mimi ninayesimulia, jibu hilo liliniudhi sana.

Jirani yao Blandine anafanya kazi ya kutembelea familia zenye shida. Siku moja kabla ya mkutano, alipita kuwasalimia. Floribert akaanza kumweleza hali ya mama. Blandine alisikiliza kidogo, kisha akasogeza kiti chake mpaka mbele ya bibi.

"Jambo, Mama Alphonsine. Ninakuuliza weye mwenyewe. Unajisikia namna gani?"

Mama alimtazama kwa mshangao. Hakukumbuka mara ya mwisho kuulizwa kitu.

"Magoti inauma, ile ni kweli," alisema. "Lakini ile inaniumiza zaidi si magoti. Walitoa kiwanja yangu bila kuniuliza. Mimi ningali muzima, na kila muntu ananisemea kama vile nilishakufa."

Muda wote huo Floribert alidhani anamtunza.

Blandine hakumgombeza. Alimweleza kwamba kumbagua mzee si kumtukana na kumfukuza tu. Kumwamulia mambo yake bila kumuuliza ni ubaguzi pia, hata kama mtu anafanya hivyo kwa upendo. Mzee ana haki ya kufanya kazi akitaka, na ana haki ya kupumzika akitaka. Anayechagua ni yeye. Tena heshima yake haitegemei kazi: hata asiyeweza kunyanyua kijiko anastahili kuulizwa. Alisema Katiba ya nchi inataka wazee walindwe. Alisema pia kwamba uzee si ugonjwa. Magoti yanapimwa na kutibiwa, na mtu aliyezoea kazi akikalishwa tu, nguvu zinampungua.

"Sasa tufanye nini?" Floribert alimuuliza Blandine.

Blandine alimtazama bibi tu. Ikabidi Floribert ageuke.

"Mama, weye unataka nini?"

"Nataka kiwanja yangu. Lakini kuinama kwenye muchanga, hapana tena. Munitengenezee chanja, ifike hapa." Akagusa kiuno chake.

Chanja ni meza ya miti iliyotandikwa wavu. Samaki wanaanikwa juu yake, na mwanikaji anafanya kazi akiwa amesimama au ameketi kwenye kiti.

Siku ya mkutano, mama alishuka ufukweni polepole na fimbo yake. Kiwanja chake kilikuwa kimeahidiwa Fanny, mama kijana mwenye watoto wadogo. Djamila akamwomba Floribert aseme. Floribert alisimama mbele ya wanawake wote.

"Mimi nilikosea," alisema. "Mwenye maneno njo huyu."

Akaketi. Mama Alphonsine akasimama.

"Kiwanja ingali yangu. Siku nitachoka, nitawaambia mimi mwenyewe. Fanny, kuja tukae wawili. Weye utabeba mabeseni, mimi nitageuza samaki."

Fanny alikubali kwa furaha. Djamila alikiri kwamba ameona haya. Yeye mwenyewe mgongo ulikuwa umeanza kumuuma, na alikuwa akificha ili asiondolewe. Chama kikaamua jambo jipya hapo hapo: hakuna kiwanja kitakachotolewa kabla mwenyewe hajaulizwa.

Floribert alitengeneza chanja kwa mikono yake, mama akimwelekeza na kumcheka. Upepo ulipita juu na chini, ndakala wakakauka upesi, na hawakuwa na mchanga hata kidogo. Wanawake wengine wakataka chanja zao, Djamila akiwa wa kwanza. Mama Adija, aliyeacha kuja kwa sababu ya mgongo, alirudi. Na Mama Alphonsine alikwenda tena kwa waganga. Safari hii alijieleza mwenyewe, akapewa dawa na mazoezi ya magoti. Sasa anakula, na ulimi wake umerudi kazini.

Juzi mfanyabiashara kutoka Manono alifika ufukweni. Alisifu wale ndakala safi, akamgeukia Floribert aliyekuwa akikaza miti ya chanja.

"Mama yako atanipatia samaki ya leo?"

Floribert alifungua mdomo kwa mazoea. Akaufunga.

"Mwenyewe njo huyu," alisema. "Umuulize yeye."

Mfanyabiashara akamuuliza. Mama Alphonsine alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Nitakupatia," alisema. "Lakini vua kwanza viatu. Umekanyaga kiwanja yangu."

Akavua.