Maji ya Vyombo

Haya yalimpata rafiki yangu Muireann, huku kwetu magharibi mwa Ayalandi, na bado yananichoma. Mwanawe Oisín alikufa kwa kifua akiwa na miezi saba. Hata kaburi halijakauka, mama mkwe wake, Nuala, akamwambia, “Nyamaza, mwanangu. Tuliyemzika si wako. Wako yuko kwa Watu Wema. Walimchukua, wakatuachia mgonjwa wao.” Watu Wema ndio viumbe wasioonekana wa vilimani, ambao kwetu husemwa huiba watoto.

Hiyo ndiyo faraja? Mama anyimwe hata maiti ya mwanawe?

Jioni moja Muireann alitoka kumwaga maji ya vyombo. Kwetu humwagi maji gizani bila kupaza sauti kwanza, “Pisheni, maji!” usije ukawalowesha Watu Wema wanaopita.

“Umewaonya?” Nuala aliuliza kutoka jikoni.

“Wakilowa, wajifute kwa sketi yako!” Akamwaga beseni zima.

Gizani mtoto alishtuka, akavuta pumzi, akaangua kilio. Muireann alikijua. Ndivyo Oisín alivyolia maji ya kuoga yakiwa baridi. Sauti ya mwanamke ikambembeleza, “Shii, shii,” na nyayo nyingi zikaelekea kwenye kilima chenye mti wa miiba.

Aliponisimulia, mimi, bingwa wa midahalo chuoni, nilimwambia kilio kile kilikuwa cha mbweha.

Juzi nililala kwake. Tulipomaliza kula, aliongeza maji ya moto kwenye beseni la vyombo, akayapima kwa kiwiko, akaongeza ya baridi kidogo, akayapima tena. Kisha akafungua mlango na kuyamwaga gizani polepole, bila kumwonya mtu.