Kipande cha Kumi na Mbili

Jua lilikuwa linazama baba aliponituma kwa shangazi kuchukua mbao.

"Nenda upesi, Fundi Sketi," alisema. "Na ukifika, usikae."

Fundi Sketi ni jina nililopewa na wateja, kwa kuwa ni msichana, nilipoacha shule. Nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja mkono wa kulia wa baba ulikufa ghafla, randa ikiwa bado kiganjani. Hospitali hawakuona kitu. Tangu hapo yeye anaelekeza, mimi nafanya. Tuko wawili tu, na karakana yetu iko chumba cha mbele. Lakini wiki ile kidole chake cha mwisho kilikuwa kimecheza. Mara mbili. Tulikuwa tumeanza kutumaini.

Shangazi ni dada yake mkubwa, anakaa mwisho wa mtaa wetu. Hakuwa amesema nasi tangu babu afariki na kumwachia baba karakana. Kwa hiyo alipotuma ujumbe kwamba nimtengenezee kibao cha kukatia nyama ili ugomvi uishe, nilifurahi.

Baba hakufurahi.

Nilimkuta mlangoni, kama mtu aliyekuwa akinihesabia hatua. Mbao tatu nzito zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimepakwa lami nyeusi pande zote.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia.

"Mkono wa baba yako bado umelala? Mwambie ukiamka aje anipungie."

Akacheka peke yake. Kisha akashusha sauti.

"Nataka kile kibao cha mafundi wa kweli. Vipande vinasimama wima, kisu kinapiga kwenye ncha za mti. Kile kisichobaki na alama."

"Nakijua, shangazi. Nyuzi za mti zinaachana, kisu kikitoka zinajifunga tena."

"Zinajifunga." Alilitamka neno hilo taratibu, kama analionja. "Sasa sikiliza. Vipande usivigeuze. Hata kimoja. Vyote vitazame upande mmoja, kama vilivyokuwa kwenye ubao."

Baba amenifundisha kugeuza kila kipande cha pili, kichwa kiende miguuni, ili mti usijivute wote upande mmoja.

"Kitapinda, shangazi."

"Nimekuomba kibao, sikukuomba somo. Si masomo yalikushinda?"

Nilibeba mbao zake nikaondoka. Machozi yalinilenga, lakini sikumpa.

Kesho yake nilianza kupiga randa. Lami ilipobanduka, harufu ikatoka. Jasho. Tumbaku. Dawa ya kuchua... Niliijua harufu ile kabisa, ila sikukumbuka ninaijulia wapi.

Nikazipasua mbao kuwa fito, nikaziunganisha kwa gundi, nikazikaza kwa vibano. Zilipokauka nikashika msumeno kukata vipande kwa kukatiza.

Nilipovuta msumeno, baba aliguna chumbani.

Nikasimamisha mkono. Kimya.

Nikavuta tena. Akaguna tena.

"Baba, vipi?"

"Mkono unauma."

"Mkono huo haujawahi kuuma."

"Si ndiyo nakwambia! Labda unafufuka. Endelea na kazi."

Alikuwa anacheka. Nami nikacheka. Nikaendelea kukata.

Vilitoka vipande kumi na viwili, kila kimoja upana wa vidole viwili. Nikavisimamisha mstari mmoja, vyote vikitazama upande mmoja kama alivyotaka. Nilikuwa nimefika cha mwisho, gundi mkononi, baba alipoita kutoka ndani.

"Umegeuza?"

"Nimegeuza, baba."

Sijawahi kumdanganya baba kwenye kazi. Neno lilikuwa limeshatoka. Basi, ili lisiwe uongo mtupu, nikakigeuza kile kipande nilichokuwa nimekishika. Cha kumi na mbili, cha pembeni. Kimoja tu. Nikakaza vibano.

Asubuhi nilikipiga msasa, nikakilowesha, nikapiga tena. Kisha nikamimina mafuta.

Kilikunywa.

Kila fundi anajua ncha za mti hunywa mafuta. Lakini hiki... Nilimimina bakuli la kwanza, likaisha kabla sijachukua kitambaa. La pili likaisha. Nilipoinama karibu, nilisikia sauti ndogo sana, kama koo linameza.

Nilikifunga kwenye gazeti, nikakipeleka mbio.

Shangazi alikipapasa kwa kiganja, kutoka ukingo hadi ukingo. Alitabasamu. "Rudi nyumbani," alinong'ona. "Kaa naye karibu. Usikose."

Nilirudi giza likianza kuingia. Baba alikuwa amekaa karakanani, mkono wake mapajani. Chini ya meza kulikuwa na kipande kilichobaki, bado na lami ubavuni. Nikakikwangua, nikitaka kukifanya kabari ya mlango.

Chini ya lami kulikuwa na mikato midogo mitatu.

Mikato ile niliifahamu. Baba aliichonga mwenyewe kupimia bawaba, kwenye ukingo wa benchi lake, lile alilolikalia miaka ishirini. Liliibwa humu karakanani, usiku wa mvua. Mwezi mmoja baadaye mkono wake ukafa.

Harufu ile. Ilikuwa harufu ya baba.

"Baba..." nilianza.

Tok.

Mlio wa kisu juu ya mti. Ulisikika kana kwamba uko chumba cha pili.

Baba alipiga ukelele. Mstari mwekundu ulifunguka kwenye mkono wake, chini ya kiwiko. Haukutoa damu. Nyama iliachana... kisha ikajifunga polepole mbele ya macho yangu. Haikubaki hata alama.

Tok.

Mwingine, ukishuka kuelekea kiganjani.

Tok. Tok.

Nilimkumbatia mkono, nikaufunika kwa kifua changu. Haikusaidia. Niliisikia ile mistari ikifunguka chini ya nguo yangu, ikipita kipande kwa kipande. Nane... tisa... kumi...

Kumi na moja.

Tok.

Baba hakulia.

Aliyelia alikuwa mwisho wa mtaa.

Haukupita muda, mlango ukasukumwa. Shangazi alisimama kizingitini, mkono wake wa kulia umezungushiwa taulo, taulo limelowa. Kwapani amebana kibao. Chumba kizima kilinuka mafuta na chuma.

"Uligeuza," alisema.

"Kimoja tu, shangazi."

Alinitazama kwa chuki ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa damu yangu. Kisha akatabasamu tena.

"Basi kumi na moja bado ni vyake. Kichome, uone nani ataungua. Kitupe mtoni, uone nani atazama. Ama kipasue, fundi. Si una msumeno?"

Alikiweka sakafuni kwa upole, kama anamlaza mtoto, akaondoka.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Kibao kiko juu ya kabati, kimefungwa kwenye shuka safi. Nakipaka mafuta kila wiki. Wiki niliyosahau, ngozi ya mkono wa baba ilipasuka kama udongo mkavu. Mkono bado haunyanyuki. "Angalau unauma," yeye husema, akitaka nicheke.

Shangazi tunakutana njiani. Mkono wake umefungwa mpaka leo. Haponi, maana kwake hakuna kilichojifunga. Na bado hutema mate nikipita, na jana alimwambia jirani kwamba karakana itarudi kwake baba akishafukiwa.

Baba amelala sasa. Nimekishusha kibao ili nikipake mafuta. Kipande cha kumi na mbili nakijua kwa kukigusa tu. Kiko pembeni, rahisi kufikia. Kando yake, bila nafasi hata ya unywele, kinaanza cha baba.

Upana wa vidole viwili. Nimewahi kukata vyembamba zaidi ya hivyo.

Kisu nimekinoa asubuhi. Nilijiambia ni kwa ajili ya vitunguu.

Mkono wangu hautetemeki.