Vigae vya Marsela

Jumamosi moja ya Juni, mwaka wa themanini na tatu, Felisiani aliweka vitu vitatu juu ya meza ya nyumbani kwake, nje kidogo ya mji wa Karatu, akamwita mkewe aje kuchagua. Kipande cha lipu kilichopigwa nili, ule uji laini wa saruji, kikang'aa kama sufuria mpya. Bamba la jiwe kutoka machimboni. Na kigae kimoja cheupe, chenye mstari mwembamba wa bluu ukingoni.

Felisiani alikuwa fundi bomba katika hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kwa miaka saba alikuwa amefungua na kufunga mabomba ya watu wanaooga maji ya moto huku ukungu umewazunguka. Nyumbani, mkewe Germana aliogea kwenye kibanda cha mabua nyuma ya nyumba. Alikuwa na mimba ya miezi minane, baada ya miaka sita ya kungoja na mimba mbili zilizotoka. Kila asubuhi alivuka matope kwenda kuoga, mkono mmoja ukutani, mwingine tumboni. Felisiani alikuwa ameapa kwamba mtoto huyu hatampoteza kwa kuteleza kwenye matope. Chumba kimoja cha ndani amekigeuza bafu kwa mikono yake mwenyewe. Bomba limeingia, sakafu imemwagwa. Zilibaki kuta.

"Nili," alisema Germana, hata kukaa hajakaa.

"Nili inapasuka."

"Ikipasuka utaziba. Si wewe fundi?"

"Hebu kishike hiki kwanza."

Hakukishika. "Umekitoa wapi? Madukani sabuni haipo, vigae vitapatikana?"

Akamweleza. Juu ya kijiji cha Qurus kulikuwa na nyumba ya mzungu wa shamba la ngano, aliyeondoka mwaka wa sabini na nne. Paa lilishaibwa, lakini bafu lilikuwa na dari ya zege na lilisimama zima. Kigae hicho alikiokota chini ya kidirisha chake. Alipochungulia ndani, aliona kuta zimejaa vigae hadi juu.

"Watu wamechukua mpaka misumari," alisema Germana, "vigae wakaviacha. Hukujiuliza?"

"Hawakuwa na tindo."

"Karatu nzima mwenye tindo ni wewe peke yako."

Bernadina, mama yake Felisiani, alikuwa akipepeta mahindi mlangoni. Aliuliza jambo moja tu: kama kuna mtu aliyewahi kukaa katika nyumba hiyo baada ya mzungu kuondoka.

Felisiani alijua anachoulizwa. Kwao Wairaqw kuna siku za kutengwa, metimani. Aliyepatwa na msiba au mkosi hukaa kando, hali na wenzake, hapeani mkono na mtu, hachoti maji ya wote, mpaka watu wake waje wamwambie kwamba siku zimekwisha. Katika nyumba iliyo kwenye siku hizo hakitoki hata kijiko. Hayo aliyajua tangu utoto. Lakini hayo, aliwaza, ni ya nyumba zetu. Nyumba ya mzungu haina metimani.

Wengi wangewaza vivyo hivyo.

Jumatatu alipanda Qurus na punda wawili, tindo na nyundo. Mlango wa bafu ulikaza. Akaupiga bega mara mbili, komeo likachomoka, ukafunguka. Ndani kulikuwa kutupu na kukavu. Ukutani, mkabala na mlango, vigae kadhaa vilikuwa na doa la rangi ya chai, la mafuta mafuta, kama lile linaloachwa ukutani na watu wanaoegemea benchi moja kila siku. Akadhani ni ukungu wa miaka.

Alitegemea kufanya kazi mpaka jioni. Akagonga kigae cha kwanza mara moja tu, kikamwangukia mkononi kikiwa kizima. Cha pili vivyo hivyo. Alipofika safu za chini hakuhitaji tena kugonga. Alikuwa akiweka kiganja tu, navyo vinakuja, kana kwamba nyuma ya kila kimoja kuna kiganja kingine kinachosukuma.

Wakati wa kurudi alimkuta mwanamke wa makamo akipalilia maharage ng'ambo ya mfereji. Alimfahamu kwa sura. Jina lake Cresensia, mjane anayeishi peke yake. Felisiani akanyoosha mkono amsalimie. Cresensia akaweka mikono yake mgongoni.

"Umetoka juu," alisema.

"Ndiyo, mama. Nimechukua vigae tu."

"Usipite shambani kwangu."

"Kwani nina ukoma?"

"Zunguka."

Akazunguka, huku akicheka peke yake. Kwenye kona aligeuka. Mwanamke yule alikuwa bado amesimama, na mikono yake bado ilikuwa mgongoni.

Felisiani alivisugua vigae kwa mchanga na majivu mpaka doa likatoweka kabisa. Akavichanganya kama mtu achanganyavyo karata, akavipanga kwa timazi na pima maji, kimoja baada ya kingine, siku tatu. Alhamisi bafu lilikuwa jeupe kama yai. Hata Germana, ambaye siku zote hizo alikuwa amemnunia, alisimama mlangoni akatazama kwa muda mrefu.

Ijumaa asubuhi doa lilikuwa limerudi.

Lilikuwa mahali palepale, mkabala na mlango. Vigae vilivyokuwa na doa kule Qurus sasa vilitapakaa pembe zote za chumba, vyote vyeupe. Doa lilikaa juu ya vingine, vilivyokuwa safi tangu mwanzo. Na sasa umbo lake lilionekana wazi. Mgongo. Mabega mawili. Kichwa kilichoinama kidogo upande mmoja. Felisiani akaligusa.

Lilikuwa na joto.

Wiki iliyofuata majirani waliacha kuja kuomba moto. Mwanamke wa maziwa alianza kuweka kibuyu chake chini, mpakani mwa uwanja, na kuondoka kabla hajasalimiwa. Felisiani alipomwita, alikaza mwendo. Bernadina naye akafunga kanga zake ahamie kwa mwanawe mwingine, jirani hapo.

"Mama, ni doa tu."

"Lifute basi."

"Nimelifuta mara nne."

"Na mimi nimelea watoto wanne, wote nimewafundisha kuuliza kabla ya kuchukua. Sijui ni yupi kati yenu hakusikia." Akatoka. Hakumpa mkono.

Jumamosi Felisiani alirudi kutoka kazini saa saba mchana. Nyumba ilikuwa kimya. Akamkuta Germana bafuni, ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ukutani. Doa halikuonekana. Alikuwa amelijaza lote, bila kupungua wala kuzidi. Kando yake kulikuwa na sahani moja na kikombe kimoja.

"Usivuke kizingiti," alisema kwa sauti ya chini.

"Germana, inuka. Sakafu ina baridi."

"Chakula weka hapo. Siruhusiwi kutoka mpaka niambiwe."

"Na nani? Germana, ni mimi."

Akainua macho. Yalimtazama kwa chuki ambayo mkewe hakuwahi kuwa nayo, hata siku alipomchukia.

"Najua ni wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyenihamisha."

Felisiani hakukumbuka baadaye kama alifunga mlango. Alikimbia njia nzima ya Qurus.

Cresensia alimwona akija, akasimama upande wake wa mfereji. Hakumkaribisha. Felisiani alisema mambo yote kwa pumzi moja, na mwanamke akasikiliza akiwa ameshika jembe.

"Mlango ulikuwaje ulipofika?" aliuliza.

"Umefungwa. Niliuvunja komeo."

"Komeo la upande gani?"

Felisiani aliliona tena komeo lile likichomoka kwenye mbao. Hakuwahi kulifikiria. Lilikuwa la ndani, na chumba kilikuwa kitupu.

Ndipo Cresensia akamsimulia, macho yake yakiwa kwenye maji ya mfereji. Marsela alikuwa mdogo wake. Alipata mimba bila mume, na baba yao, kwa jinsi ya wazee, akamtoa nyumbani ili mkosi usiwaangukie wote. Mzungu alikuwa ameondoka mwaka huo. Marsela akaingia katika bafu lile kwa sababu ndicho chumba pekee kilichofungika. Cresensia ndiye aliyempelekea chakula na kukiacha mbali na mlango. Baba alimwagiza: mvua zikikatika, nenda kamwambie siku zimekwisha.

"Zikakatika," alisema Cresensia. "Mwanangu alikuwa na surua. Niliogopa kubeba mkosi nikamletea. Nikasema kesho. Nikasema tena kesho. Nilipokwenda, chakula cha siku kumi nilichomwachia safari ya mwisho kilikuwa pale pale nje, kimejaa siafu. Mlango umefungwa."

"Ukafungua?"

"Sikufungua."

"Na mtoto wako?"

"Alikufa hata hivyo."

Upepo ulipita juu ya maharage. Felisiani akapiga magoti kwenye tope. "Twende, mama. Umwambie sasa. Wewe ni mtu wake, atakusikia."

"Nikimwambia zimekwisha, ataniuliza kwa nini zilichelewa."

"Mke wangu ana mimba."

"Na yeye alikuwa nayo," alisema Cresensia. Akageuka, akaingia ndani.

Felisiani alifika nyumbani saa kumi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Germana alikuwa palepale, lakini midomo yake imekuwa ya bluu na nguo yake imelowa. Uchungu ulikuwa umeanza. Hakulia. Alikuwa ameuma meno, kama mtu aliyezoea kutosikiwa.

Felisiani alisimama kwenye kizingiti. Alikuwa ameshika nyundo. Akaiweka chini.

"Marsela," alinong'ona. "Watu wako wamenituma. Siku zimekwisha."

Bomba lililokuwa likidondoka likaacha kudondoka.

"Zilikwisha lini?" Midomo ya Germana ilisogea, lakini sauti ilitoka nyuma yake, kwenye vigae.

"Leo."

"Mvua zilikatika."

"Ndiyo."

"Nilizihesabu siku tangu zikatike. Ni nani aliyetumwa?"

Felisiani alimtazama mkewe. Tumbo lilikaza, likawa kama jiwe. Macho yakapanda juu, ukabaki weupe. Alijua bado kulikuwa na kitu kimoja cha kusema, na kwamba kikishatoka kinywani hakirudi.

"Cresensia," alisema.

"Yuko wapi?"

Akasema. Qurus, ng'ambo ya mfereji, shamba la maharage. Akasema hata mlango wake unatazama upande gani.

Kitu baridi kikampita begani. Germana akapiga kelele, kwa sauti yake mwenyewe.

Mtoto alizaliwa kabla giza halijaingia, msichana, mkononi mwa Bernadina, aliyekuja mbio kwa kelele hiyo na hakuuliza kama anaruhusiwa kuingia. Ukuta ulikuwa mweupe. Siku ya tatu Felisiani alivibandua vigae vyote, na safari hii kila kimoja kilishika, kikavunjika vipande. Alipiga nili. Germana hakumkumbuka Marsela, na mumewe hakumkumbusha.

Walio mbali na jambo hili wamemwita Felisiani majina mengi. Pengine hawajawahi kusimama kwenye kizingiti kama kile. Yeye mwenyewe hakujitetea. Alichofanya ni kupanda Qurus baada ya wiki mbili, asubuhi kweupe, kwenda kumwona Cresensia.

Maharage yalikuwa yameliwa na magugu. Mlango ulikuwa umefungwa. Akabisha.

"Sogea," ilisema sauti ya Cresensia kutoka ndani, nyembamba kama ya mtoto. "Siku zangu bado."

"Mama, fungua. Nani amekufungia?"

"Komeo liko kwangu. Sogea, utamfukuza anayeniletea."

Majirani waliapa kwamba hakuna mtu aliyekwenda pale tangu mwezi uandame. Lakini hatua chache kutoka mlangoni, juu ya jiwe, kulikuwa na sahani ya ugali iliyofunikwa kwa jani la mgomba. Felisiani akafunua. Ulikuwa bado unatoa moshi.

Kwenye tope kulikuwa na nyayo za mwanamke asiye na viatu, zikitokea upande wa nyumba ya mzungu. Kando yake zilikwenda nyayo nyingine, ndogo, za mtoto wa miaka kama minane au tisa. Zilifika kwenye jiwe, zikasimama. Felisiani akazunguka nyumba nzima akitafuta zilipoelekea.

Hapakuwa na nyayo zilizorudi.