Unene wa Ukucha

Viatu vilikuwa vimetota. Fundi Ridha alivipangusa, akaviweka rafuni, na alipogeuka kuchukua bisibisi akavikuta vimetota tena, ilhali kibanda chake pale Chake Chake hakivuji na mvua ilikuwa haijanyesha.

Vilikuwa viatu vyeupe vya kutelezea juu ya barafu, vyenye chuma kirefu chini ya kila soli. Mwenyewe ni Laila, binti wa kaka yake aliyehamia Kanada. Alivinunua vikiwa vimeshavaliwa, na chuma cha kushoto kilikuwa kikimvuta upande. "Ami, weye n'fundi, hebu nitilie sawa," alimwambia alipokuja likizo. "Nikirudi tu nna mashindano."

Ridha alifungua skurubu, akaziba matundu ya zamani kwa vijiti vya mkarafuu na gundi. Kila kijiti alichopata kupigilia alikipigia Bismillahi. Siku hiyo ulimi ulikataa. Atamtajaje Mungu, naye ana lake moyoni? Babake Laila ndiye aliyeuza mikarafuu ya urithi kule Ole, akapanda ndege, akamwacha yeye na kibanda. Kikulacho ki nguoni mwako! Basi naye aonje uchungu wa mtoto. Akakisogeza chuma ndani, unene wa ukucha tu, akakaza. Na raha aliiona, tusimfichie.

Wakati wa Magharibi akasikia sauti kutoka nyumbani, nyuma ya kibanda. Krrr. Kimya. Krrr.

"Samiha! Waburura nini?"

"Baba," bintiye alijibu kwa kunong'ona, "nguu wangu wavutwa. Viatu vyanibana. Vya baridi."

Samiha alikuwa pekupeku.

Ridha alisimama mlangoni, akanusa harufu ya friza la samaki lililofunguliwa, akamwona mwanawe akiteleza juu ya saruji kavu, kifundo cha kushoto kimelala kwa ndani, akizunguka na kuzunguka huku machozi yakimtoka, na kila alipopita sakafu ikabaki na mchirizi mwembamba mweupe.

Asubuhi akaletwa Bi Mwatum, mganga wa Gando. Alifukiza ubani, akasoma, hata Samiha akafumbua kinywa. Sauti haikuwa yake.

"Aliyevivaa mwanzo alikuwa mwanangu. Fundi wake alimpindishia chuma kwa husuda. Alianguka, hakuinuka tena. Fundi yule nimeshamaliza naye. Nikakaa viatuni nangoja mwengine kama yeye."

"Ntoke ntoto huyu," alisema Bi Mwatum. "Hana kosa."

"Hata wangu hakuwa na kosa."

Bi Mwatum akamgeukia Ridha. "Umefanya nini?"

Laila alikuwa amesimama pale pale, amemshika Samiha bega. Ridha alitamani ardhi immeze. Akasema yote.

"Ami," Laila alisema polepole, "miye nilikukosea nini?"

Ridha alikwenda kibandani akavileta viatu, akakaa sakafuni, akang'oa chuma, akachonga vijiti vipya. Akapima tangu katikati ya kisigino hadi kati ya kidole gumba na cha pili, na kila kijiti akakipigia Bismillahi kwa sauti ya kusikika. Alipokaza skurubu ya mwisho Samiha alilegea, mguu ukanyooka, akaomba maji. Ridha alilia mbele za watu bila haya.

"Keshatoka, Bi?" aliuliza Laila.

"Kwa Samiha katoka."

Ridha akajiinua ili ampe mganga mkono. Kifundo chake cha kushoto kikalala kwa ndani, mguu mtupu ukamponyoka juu ya saruji. Krrr.

"Nimemsamehe!" Laila alipiga kelele. "Bi, mwambie miye nimeshamsamehe!"

Bi Mwatum alikuwa ameshakiokota chetezo chake, anarudi nyuma kuufuata mlango.

"Weye umesamehe, mwanangu," alisema. "Yeye hajasamehe."