Daiodi ya Saba

Jua lilikuwa linazama nilipobisha hodi kwa shemeji, mjane wa kaka, begi la vipimo begani. Alikuwa amenitumia ujumbe mara tatu. Kesho yake ukoo ungekaa kumfukuza, maana mama yetu aliapa kwamba yeye ndiye aliyemroga kaka yangu.

Na shahidi wa mama ni mimi. Mimi fundi ndiye niliyesema ile mashine ya kaka, kikuza nguvu cha redio cha zama za babu, ilikuwa nzima. "Mashine nzima ingemlipukiaje mtu usoni?" mama aliuliza msibani.

"Ipime tena, shemeji," mjane alininong'oneza pale mlangoni. "Mbele yangu."

Chumba cha redio kilinuka nywele zilizoungua. Baada ya miezi miwili... bado. Waya wa umeme nilikuwa nimeukata mwenyewe siku ya mazishi, lakini kwa mazoea nikaigusa kapasita, ile inayohifadhi umeme, kwa fimbo ya kutoa chaji.

Ta! Cheche.

"Umeichomeka?"

"Niichomeke na nini, na waya uliukata wewe?"

Nikatoa kipimo kidogo cha betri, kile kile nilichopimia siku kaka alipokufa. Daiodi kumi, vile vidude vya kupitisha umeme upande mmoja tu, zote nzima. Kisha nikatoa kile kikubwa cha kuzungusha kwa mkono, kinachosukuma volti elfu. Daiodi inaweza kudanganya betri, haidanganyi volti elfu. Siku ile nilikuwa nacho begini. Nilikuwa nawahi mpira, basi. Nikamwambia kaka, "Washa, bwana," naye akawasha.

Ya kwanza, nzima. Ya pili. Ya tatu...

Ya saba, sindano ikaanguka hadi sifuri.

Ilikuwa inavuja umeme tangu siku ile, ndiyo iliyolipua mashine. Kaka nilimuua mimi, kwa uvivu.

Ndipo mashine ikaanza kuunguruma.

Mm. Mm. Mmmm... Mlio mfupi, mfupi, mrefu. Zilikuwa alama wanazotumiana watu wa redio, nami nazisoma, na mkono uliozipiga ulikuwa wa kaka. Hata ile tabia yake ya kusita kabla ya herufi ya mwisho ilikuwepo.

ULIPIMA NA NINI

Ikarudia. Ikarudia.

"Anasemaje?" shemeji aliuliza taratibu.

Neno moja lingemwokoa. Nikamfikiria mama. Nikalifikiria jina langu la ufundi, ambalo ndilo linalonipa ugali.

"Hasemi kitu. Ni umeme uliobaki tu, shemeji."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Alama hizo alinifundisha mwaka tuliooana," akasema. "Namsikia wiki ya pili sasa. Nilitaka kukusikia wewe."

Alfajiri akaondoka na sanduku moja, bila kumngoja mtu amfukuze. Kikaoni wakasema, mnaona, mchawi kakimbia. Wa kwanza kuitikia nilikuwa mimi.

Mashine mama akanikabidhi, eti kumbukumbu ya ndugu yangu. Iko miguuni pa kitanda changu. Inauliza. Sijaijibu.