Saa Iliyong'aa Mkononi mwa Maiti

Aurèle Matthey alikutwa chini ya ngazi za mawe za ghala la nyasi, shingo imevunjika, theluji ya La Brévine, kijiji cha milimani Uswisi, imeshaanza kumfunika. Daktari wa polisi hakupoteza muda.

"Barafu. Kateleza huyu mzee."

Inspekta Colette Huguenin alichuchumaa. Mkono wa kushoto wa marehemu ulikuwa umepondeka vibaya. Lakini saa ya dhahabu kwenye mkono huo huo ilikuwa inatembea, tena inang'aa, haina hata mkwaruzo.

"Mtu kavunjika hivi, saa haijaguswa?"

"Ni imara," alisema Numa, mdogo wa marehemu, fundi mstaafu wa kung'arisha saa. "Kasha lake nililitengeneza mimi. Zawadi ya harusi yake."

Imara, sawa. Lakini dhahabu ni dhahabu, na mawe ni mawe. Saa hii ilivishwa baada ya mtu kuanguka.

Josette, binti wa marehemu, alikuwa jikoni, kahawa imempoa mkononi. Mama alishafariki. Sasa Numa ndiye ndugu pekee aliyembakia. Inspekta aliiweka saa mezani, ndani ya mfuko wa ushahidi.

"Ni ya baba yako?"

Josette aliigeuza. "Mbona kovu halipo?"

"Kovu gani?"

"Nikiwa mdogo nilimbania mkono na mlango wa trekta. Ukingo wa saa ukachimbika. Baba aliivaa hivyo hivyo kila siku, akikamua, akipasua kuni. Hakutaka kovu hilo liguswe."

Inspekta alivaa glavu, akaitoa saa, akakwangua maungio ya mkanda kwa sindano. Ulitoka unga mwekundu, ule ambao mafundi hung'arishia dhahabu. Akairudisha mfukoni, akamwita Numa.

"Nyoosha mikono, mzee."

Kucha zilikuwa na wekundu ule ule.

"Si kazi yangu hiyo?"

"Umestaafu. Jana uling'arisha saa ya nani?"

Numa alificha mikono mifukoni.

"Baba mdogo," Josette alisema, "sema siyo wewe."

Numa alikaa.

"Chama cha mafundi kilitaka kuonyesha kazi yangu moja. Moja tu, jamani! Maisha yangu yote nimeng'arisha saa za matajiri. Hii ndiyo pekee niliyoifanya kwa mapenzi. Nikamwomba aivue niisafishe. Akanicheka. 'Ulinipa saa au yai?' Akaifuta samadi kwenye suruali, mbele ya macho yangu. Nikamsukuma."

"Halafu?"

"Nikamvua saa. Nikaing'arisha, nikarudi kumvisha. Azikwe nayo vile, imechakaa? Nisingeweza." Alitikisa kichwa kwa hasira. "Na lile shimo la ukingoni! Sijui mjinga gani aliliweka."

"Ni mimi, baba mdogo."

Numa alifumba macho. Inspekta alimfunga pingu.

Josette hakuwatazama wakitoka. Alikuwa akipapasa ukingo wa saa kwa kidole gumba, juu ya mfuko, huku machozi yanamtoka.

"Lilikuwa hapa," alisema. "Lilikuwa hapa hapa."